Sabuni kwenye Mkanda wa Feni

Wiki hii nilikuwa Kisauni kwenye matanga ya Fundi Katana, na tangu nirudi nyumbani sijafanya la maana ila kukaa mezani na kuandika haya. Waliokuja kuhani walimsifu kama fundi wa baiskeli na pasi za mkaa, mtu mpole aliyekaa barazani kwake na sanduku la spana, asiyemfukuza mtoto wala kugombana na mteja. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mtu huyu aliwahi kuwa sikio bora la injini katika Changamwe nzima, kwa sababu waliokuwa wakilijua hilo wamekufa au wametawanyika, na mimi niliyebaki nilikuwa nimekaa pale mkekani na bakuli la uji mkononi, nimenyamaza. Nilikuwa nikijipangia: nitasema watu wakipungua, nitasema kesho, nitasema nikipata maneno yasiyomuumiza mtu. Ndivyo nilivyojipangia pia nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, katika mwaka ninaotaka kuueleza, na miaka yote iliyofuata niliendelea kujipangia.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi ya misheni na cheti changu kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo ili kisipate mikunjo zaidi, nikaajiriwa katika gereji moja ya malori karibu na njia ya reli. Gereji yenyewe ilikuwa banda refu la mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta, na joto lake saa sita mchana lilikufanya usikie harufu ya mpira, grisi na jasho kama kitu kimoja. Nilipewa nafasi ya kulala katika chumba cha landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pamoja na vijana wengine wawili, na chumba kilichofuata kilikuwa cha Fundi Katana, mkewe Mama Sidi, na binti yao mdogo Sidi. Kuta zile hazikufika darini. Juu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na kupitia nafasi ile tulipata harufu ya chakula chao na maneno yao yote, tupende tusipende.

Mama Sidi aligundua wiki ya kwanza kwamba nilikuwa nakula mkate mkavu na chai, akagonga ukuta kwa mwiko. “Wewe msomi! Cheti kinaliwa?” Nikajibu naam. “Njoo ule sima, usije ukatufia hapa tukaulizwa na wazungu.” Kuanzia siku ile nilikula kwao kila jioni. Sima, mchicha wa nazi, kunde, na siku ya mshahara papa mkavu aliyepikwa kwa tui zito na ndimu. Tulikula tumekaa juu ya mkeka, mimi na Fundi sahani moja, Mama Sidi na Sidi sahani yao pembeni, na taa ya kibatari juu ya kijisanduku. Fundi alikuwa Mrabai wa umri wa miaka arubaini hivi, mfupi, mwenye sikio moja lenye kovu dogo jeusi nyuma yake. Kovu lile lilitokana na bisibisi. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini na mpini wake nyuma ya sikio, akafumba macho, na akakwambia ndani kunaendelea nini. Mimi nilikuwa na daftari. Ndani yake nilikuwa nimeorodhesha sababu kumi na moja za mkanda wa feni kupiga kelele, kwa mwandiko mzuri, na kila nilipofika sababu ya nne nilianza kuitilia shaka ile ya kwanza.

“Mkanda haulii wenyewe,” Fundi alikuwa akiniambia huku akimega sima. “Unalizwa. Kazi yako ni kumjua anayeufanya ulie.” Kisha alinifundisha kwa vidole vyake, mkekani palepale. Mkanda mmoja unazungusha vitu viwili: dainamo inayotengeneza umeme, na pampu ya maji yenye feni mbele yake. Ukisikia mlio, kwanza nyunyiza matone ya maji upande wa ndani wa mkanda huku injini ikizunguka. Mlio ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, mkanda umechakaa au haukukaa sawa kwenye puli. Usipobadilika hata kidogo, huo si mkanda, ni beringi inayolalamika, na hapo unazima injini, unatoa mkanda kabisa, unazungusha dainamo na pampu kwa mkono, kimojakimoja. “Ukihisi mchanga ndani, gari hilo halitoki. Awe anangoja nani, halitoki.” Na jambo moja alilichukia kuliko yote: sabuni. Madereva wa safari ndefu walikuwa wakipaka mche wa sabuni kwenye mkanda unaolia ili wapate usingizi wa masikio, maana mkanda wenye sabuni huteleza, haukokoti beringi kwa nguvu, na hata mlio wa beringi hunyamaza kwa muda. “Sabuni ni ya nguo,” alisema. “Mgonjwa akipiga kelele humzibi mdomo.”

Gereji ilikuwa na desturi yake. Hakuna lori lililopita getini bila alama ya chaki upande wa ndani wa boneti, na askari wa getini aliifungua kuitazama. Kila fundi alikuwa na alama yake, na ya Katana ilikuwa mviringo wenye nukta katikati. Sisi wanafunzi hatukuwa na alama. Tuliposhika gari, fundi wetu ndiye aliyeweka yake, lakini kabla ya kuiweka alituuliza maneno matatu, mbele ya watu, kama padri anavyowauliza wanaobatizwa. “Umeona? Umeshika? Umesikia?” Nawe ulijibu, “Nimeona, nimeshika, nimesikia.” Hapo alichora. Hakurudia kukagua. Nilimwuliza siku moja kwa nini hakagui mwenyewe, kwani mimi ningekagua mara tatu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Sasa nikikagua, nimekuuliza kwa nini?”

Mwezi wa sita nilizuia lori moja kutoka. Lilikuwa la dereva Mutua, Mkamba mrefu mwenye mdomo usiotulia, na lilikuwa likitoa mgongano mbele kila injini iliposhika kasi. Nilisoma daftari langu, nikafungua dainamo, nikaisafisha, nikairudisha, nikaifungua tena. Shehena ikakaa juani nusu siku. Mutua akaja, akapenyeza mkono nyuma ya sanduku la betri na kutoa kikombe chake cha bati. “Kumbe kilikuwa hapa! Bwana Cheti, ungeniuliza tu, ningekwambia nimepoteza kikombe.” Banda zima lilicheka. Kwa wiki kadhaa kila nilipoinua boneti mtu aliniuliza, “Leo kuna nini, kikombe au sahani?” Nilicheka pamoja nao. Nilipolala nilihesabu waliocheka, nikajiuliza yupi alicheka kwa mzaha na yupi kwa dharau. Jioni moja, nikiwa nimetangulia kurudi chumbani, nilimsikia Mama Sidi upande wa pili akisema, “Huyu Daudi atakuwa fundi kweli? Naona ana woga mwingi.” Na Fundi akajibu, “Ana masikio. Woga utamtoka. Mimi nitamwachia kazi yangu yule, utaona.” Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote tena. Naandika hivyo bila kutia chumvi, maana kila sifa niliyopata baadaye niliipima na ile, ikaonekana nyepesi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua za vuli. Lori la Mutua lilikuwa limepakia unga wa kupeleka Voi, na unga mwaka ule ulikuwa shida kila mahali. Asubuhi lilianza kulia, mlio mwembamba wa kukereza meno, unaopanda injini inapopanda. Fundi alisogea, akasikiliza bila hata bisibisi, uso wake ukabadilika. Lakini kabla hajagusa kitu meneja alimwita: gari jingine la gereji limekwama Makupa, na linaziba njia ya watu wote wanaoingia kisiwani. Akanishika bega. “Maji kwanza. Kisha toa mkanda, zungusha kwa mkono. Unajua.” Nikasema najua. Akaondoka na kamba na sanduku lake.

Nilinyunyiza maji. Mlio haukubadilika. Nilitoa mkanda, nikazungusha dainamo, ikazunguka laini kama inavyotakiwa. Nikashika mapanga ya feni nikazungusha pampu. Hapo nilihisi kitu. Kilikuwa kidogo sana, kama punje moja ya mchanga iliyopita chini ya kidole. Nikazungusha tena, sikuhisi. Nikazungusha tena, nikahisi. Nadhani nilizungusha mara ishirini, na kila mara nilijiuliza kama ni pampu au ni vidole vyangu vinavyonidanganya. Meneja alikuja akasimama nyuma yangu na saa yake mkononi. Mutua alikuwa ameegemea mlango wa lori. “Vipi, Bwana Cheti? Sahani?” Watu wawili watatu wakaanza kucheka kabla sijajibu.

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa njia nyingi juu ya dakika ile. Nimesema nilikuwa mtoto. Nimesema watu walikuwa wakingojea ule unga. Nimesema sikuwa na hakika, na mtu asiye na hakika hasemi uongo. Yote nimeyasema, na hakuna hata moja lililosimama. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa mara ya pili. Nilirudisha mkanda, nikaenda kwenye beseni la kunawia mikono, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, na Mutua alipokwenda kuwasha injini nikaupaka mkanda upande wa ndani, haraka, nikiwa nimewapa watu mgongo. Injini ikazunguka. Ilinyamaza kabisa. Hata mimi, niliyejua, niliona raha. Meneja akasema, “Nzuri sana, kijana,” akaenda zake, na Mutua akanipigia saluti ya mzaha ambayo ilikuwa na heshima kidogo ndani yake.

Fundi alirudi amelowa matope hadi magotini. Alilikuta lori linanguruma pale kwa utulivu, likimngoja yeye tu. Akatoa chaki mfukoni, akaifuta maji kwenye shati. “Umeona?” Nikasema nimeona. “Umeshika?” Nimeshika. “Umesikia?” Aliniuliza la tatu huku akitabasamu, kwa kuwa alifurahi kunikuta nimemaliza peke yangu. Nikasema, “Nimesikia.” Akachora mviringo, akatia nukta. Lori likatoka getini, nami nikalifuata kwa masikio yangu mpaka lilipopotelea njia ya Mazeras.

Mutua alirudi siku ya pili kwa miguu na kwa lifti za watu. Alisimama katikati ya banda akasimulia, na safari hii hakutania. “Ililia kidogo Mazeras. Nikasema italia ichoke. Mbele ya Mariakani ikaanza kunguruma, halafu nasikia paa! Feni imeng’oka imekula rejeta. Maji yote chini. Nikasema nifike pale mbele kwenye nyumba za watu, nisiache unga porini.” Aliendesha gari bila maji mpaka injini ikashikana. Lilivutwa kurudishwa Changamwe siku tatu baadaye, na unga ulikuwa umenyeshewa njia nzima, umekuwa donge.

Meneja alituita sote mbele ya lori. Aliinua boneti akaonyesha kidole. “Nani natia alama hii?” Kiswahili chake kilikuwa cha amri, hakikuwa na adabu wala sarufi. Fundi Katana akasogea. “Mimi, Bwana.” “Wewe nasikiliza pampu?” Mkanda uliokatika ulikuwa umening’inia kwenye dainamo. Fundi aliuchukua, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, akakinusa. Kisha akaniangalia. Sikuona hasira machoni mwake. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja jibu kila alipoinua chaki. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na kinywa changu kilikuwa wazi. Nilijiambia: ngoja meneja amalize swali. Kisha nikajiambia: ngoja Fundi ajibu, pengine anajua namna nzuri ya kulisema. Kisha: nikisema sasa itaonekana nimelazimishwa, afadhali niende ofisini peke yangu baadaye, nieleze kwa utaratibu, na pampu, na mara ishirini, na matone ya maji. Fundi aligeuka. “Alama ni yangu, Bwana,” akasema. Wengine walikuwa wakinong’ona kwamba siku ile alipitia kwa wagema alipotoka Makupa, kwamba miguu ile ya matope haikuwa ya kazi. Nilijua si kweli. Nilisikia uvumi ule ukizaliwa, na sikuuzuia pia.

Alifukuzwa kazi, na kwa kuwa chumba kilikuwa cha kazi, alitakiwa kukitoa kabla ya Jumamosi. Sikuenda kula kwao siku zile. Mama Sidi hakugonga ukuta. Nilisikia masufuria yakiwekwa ndani ya gunia, nikasikia Sidi akiuliza kama watamwacha paka, na sauti ya Fundi ilikuwa chini sana sikuyapata maneno. Asubuhi ya Jumamosi alinikuta kwenye bomba la maji. “Mchanga ulikuwepo?” akaniuliza. Nikasema, “Fundi, sikuwa na hakika.” Akatikisa kichwa polepole. “Sikukuuliza kama ulikuwa na hakika.” Akajaza ndoo yake akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyozungumza mimi na yeye katika dunia hii.

Kabla mwaka haujaisha meneja alinipa alama, na pamoja na alama akanipa chumba. Chumba kile kile. Moshi wa jiko la Mama Sidi ulikuwa bado ukutani, umepanda kama mti mweusi, nami sikuupaka chokaa kwa miaka minne niliyokaa mle. Nilikuwa nikila peke yangu nikiutazama. Nikawa fundi mzuri, watu wanasema, na kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wengine. Nilikagua kila gari mwenyewe, mara tatu, na wote walidhani ni kwa sababu napenda kazi. Kisauni haikuwa mbali: kuvuka Makupa, kuvuka kisiwa, kuvuka daraja la Nyali. Nilijua baraza lake. Mara mbili nilifika mpaka kona ya njia yake nikamwona ameinamia gurudumu la baiskeli, nikarudi nikijipangia kuja na maneno bora.

Siku ya tatu ya matanga watu walipungua, nikabaki na Mama Sidi na wanawake wachache waliokuwa wakiosha vyombo. Amekuwa bibi kizee, macho yake yana ukungu, lakini alinitambua kwa sauti. “Daudi wa cheti,” alisema. Nikamwambia. Nilimwambia yote, na nilipofika kwenye sabuni nilikuwa nikizungumza na mkeka. Kisha akauliza, “Kwa hiyo hakulewa?”

Sikumwelewa. Akarudia, sauti imepanda. “Siku ile ya gari la unga. Nakuuliza, mume wangu hakulewa?” Nikasema, hakulewa, Mama, hakuonja kitu, alitoka kusukuma gari matopeni.

“Mimi niliambiwa alilewa,” akasema. “Pale pale landhi niliambiwa, kwenye bomba. Nilimwuliza, akasema hakulewa. Nikamwuliza, sasa ilikuwaje? Akasema, alama ni yangu. Nikamwona mwongo. Nilimpeleka kwa wazee wa kanisa, Daudi. Mimi mwenyewe, nimemshika mkono. Wakamtenga na meza ya Bwana mwaka mzima. Alikuwa akikaa benchi la nyuma, sisi tukienda mbele. Na hata aliporudishwa, kila tulipokosa kitu humu ndani mimi nilikuwa nikimkumbusha.” Alitafuta ncha ya leso yake, akaishika bila kuitumia. “Hata juzi, hawezi kunyanyua kikombe, nimemkumbusha.”

Nilianza kusema kwamba ninaomba radhi. Alininyanyulia kiganja. “Usiniombe mimi sasa hivi. Mimi ninalo langu la kuomba, na wa kumwomba tumemzika.” Akamwita Sidi, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, aje kukaa. Akanitaka niseme tena kuanzia mwanzo, nikasema tena. Sidi alisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaenda nje, na sikumwona tena siku ile. Mama Sidi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayempa mwingine kazi, kwamba wazee wale wamekufa, lakini wapo waliomwona akikaa nyuma, na hao bado wanasali pale pale. Jumapili nifike ibada ya kwanza. Mchungaji ataambiwa. “Utasema mbele yao, kama ulivyoniambia. Usipambe.”

Leo ni Jumamosi. Nimeandika haya yote ili nijue nitasema nini, na sasa ninapoyasoma naona nimetumia karatasi nyingi mno kueleza jambo la sentensi moja. Kesho sitakwenda na karatasi. Nitasimama na kusema kwamba Katana hakulewa, kwamba niliijua pampu ni mbovu, nikadanganya, naye akaadhibiwa kwa ajili yangu. Ibada inaanza saa moja. Nitaondoka Changamwe kabla jua halijatoka, maana nikiondoka limeshachomoza nitapata muda wa kufikiri.